Tulianza kwa Rangi, Tumebaki na Kanda Ngapi?

(Hotuba kwa wanafunzi wa utangazaji, Unguja)

Assalaam alaykum warahmatullah.

Mkuu wa chuo, walimu, wanafunzi, na nyinyi wazee wetu mliotoka Paje na Jambiani alfajiri kwa gari la shamba: ahsanteni kwa kuitikia wito. Niliwaomba walimu wakuketisheni safu ya mbele, karibu na kioo, na wamekubali. Kazi yenu itakuja mwisho. Kwa sasa pumzikeni, mnywe maji, msikilize.

Nimeombwa nizungumze juu ya kituo cha televisheni cha kwetu, kilivyoanza na kinavyofanya kazi. Kazi ya televisheni nimeifanya miaka ishirini na mbili na sikutokea kwenye kioo hata siku moja. Nilikuwa mtunza kanda. Mtangazaji akisema "tutizame picha zifuatazo", mimi ndiye niliyekwenda rafuni kuzitoa. Kwa hiyo historia nitakayokupeni ni ya mtu aliyeitizama televisheni kutoka chumba cha nyuma, chenye rafu za chuma na harufu ya plastiki.

Mwaka 1973 Zanzibar ilianza kurusha televisheni, na ilianza kwa rangi. Naomba vijana mlipime jambo hilo vizuri. Nigeria walikuwa na kituo Ibadan tangu 1959. Kenya walianza 1962, Uganda 1963. Wote hao walianza kwa picha nyeusi na nyeupe. Uingereza yenyewe ilianza kurusha rangi 1967, miaka sita tu kabla yetu. Afrika ya Kusini, pamoja na migodi yake yote ya dhahabu, ilikuwa bado haina televisheni ya aina yoyote. Walianza rasmi Januari 1976. Katika nchi zote za kusini mwa Sahara, Televisheni Zanzibar, TVZ, ndiyo iliyotangulia kwa rangi. Wenzetu wa Bara walingoja hadi 1994, vituo vya binafsi vilipofunguliwa, ITV kikiwa kimojawapo. Kwa miaka ishirini na moja, mtu akisema "televisheni ya Tanzania", alikuwa anaisema hii ya visiwani.

Iliwezekanaje kwa visiwa vidogo kama hivi? Karafuu ndiyo iliyolipa. Bei ilikuwa nzuri mwanzoni mwa miaka ya sabini, Waindonesia wakiinunua kwa kutengenezea sigara zao, na Zanzibar ilikuwa na fedha zake za kigeni. Pia utangazaji haukuwa jambo la Muungano, na mpaka leo si jambo la Muungano, kwa hiyo Serikali ya Mapinduzi iliamua peke yake bila ya kuomba ruhusa ng'ambo ya bahari. Na Mzee Abeid Amani Karume alilitaka jambo hili. Hakuliona. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na kituo kikaja kuanza chini ya Mzee Aboud Jumbe.

Sitaki kukupambieni zama zile. Ni miaka hiyohiyo ambayo mama zetu walikuwa wakipanga foleni ya mchele na unga. Mama yangu akitoka na mkoba saa kumi za usiku, akirudi jua limeshapanda, na mara nyingine mkoba umo vilevile. Jirani yetu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akisema waziwazi kuwa televisheni hailiwi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na sikumsikia mtu aliyempinga. Nayakumbuka haya kwa sababu mtu akikuhadithieni habari ya rangi bila ya kukuhadithieni foleni, atakuwa amekupeni nusu ya hadithi.

Kwetu Kikwajuni seti haikuwa nyumbani kwa mtu. Ilikuwa ndani ya kabati la mbao lenye mlango na kufuli, limeinuliwa juu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Jioni ikifika watoto tulikuwa tumeshatandika mikeka tangu jua halijazama. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, watoto mbele kabisa, shingo juu. Mlango wa kabati ukifunguliwa, uwanja mzima unanyamaza.

Nilikuwa mdogo, na mengi niliyoyaona nimeyasahau. Jioni moja sijaisahau. Kulikuwa na taarab, na kati ya wapiga fidla alitokea mzee wa mtaani kwetu. Tulimjua sote. Alikuwa akikaa barazani na fidla yake amevaa fulana, na pale kwenye kioo alikuwa amevaa koti na kofia nyeupe ya viua, na koti lile lilikuwa la buluu. Nikageuka nyuma. Yule mzee alikuwa amekaa palepale juu ya mkeka, karibu na babu yangu, anajitizama. Yuko huku, na yuko kule. Nikamuuliza babu, "Vipi awe pahala pawili?" Babu akanijibu kwa neno moja ambalo limekuwa kazi yangu ya maisha: "Wamemtia kwenye kanda."

Wale waliokuwa uwanjani jioni ile walizungumza juu ya yule mzee wiki nzima. Rangi iliwashangaza siku mbili tatu, wakaizoea. Kumuona mtu wao hawakukuzoea. Naamini hapo ndipo ilipo thamani ya kituo cha nyumbani: filamu za nje zinaweza kutoka popote duniani, lakini fidla ya Kikwajuni haitarekodiwa na mtu wa London wala wa Cairo.

Na picha zile zilivuka bahari. Dar es Salaam, watu wachache waliokuwa na seti walisimamisha antena juu ya milingoti mirefu, wakazielekeza Unguja. Mimi nimeishi huko baadaye na nimeyasikia mengi kutoka kwa waliokuwepo. Mtoto anapanda juu ya paa, baba yuko ndani, na mazungumzo yao yanasikika mtaa wa tatu: "Zungusha! Zungusha kidogo! Rudisha! Hapo hapo, usiiguse!" Mtoto akiiachia, chenga zinarudi. Kuna usiku picha ilikuwa safi kama maji ya kisima, na usiku wa pili haionekani kabisa, antena ikiwa palepale. Mafundi wanajua sababu: juu ya bahari yenye joto, tabaka za hewa hupindisha mawimbi, mara huyafikisha mbali kuliko kawaida, mara huyapoteza. Wenyewe wa Dar walisema tu, "Leo Unguja imeshika."

Kazi ya kurusha rangi zama zile ilikuwa ya watu wenye subira. Kamera ya rangi ilikuwa na mirija mitatu ndani yake, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu, na picha za mirija hiyo zilitakiwa zilaliane sawasawa. Zikikosana kidogo, mtangazaji anatoka na ukingo mwekundu begani kana kwamba kivuli chake kimemkimbia. Fundi ilimbidi azirekebishe mara kwa mara. Kamera hizo zilitaka taa kali mno, na taa kali katika hali ya hewa ya Unguja mnaijua maana yake. Nikiona leo kijana analalamika kuwa simu yake inapata moto kwa kurekodi nusu saa, nawakumbuka watangazaji wa studio za mwanzo waliokaa ndani ya suti chini ya taa zile.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Mwaka 1995 niliajiriwa katika kituo kimoja kidogo cha televisheni, mji mmoja wa mwambao, upande wa Bara. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema mengine si mazuri, na mwenye makosa nitakayoyasimulia ni mimi pia. Tulikuwa na kamera tatu, moja mbovu. Gari moja. Meza ya kuhariri yenye mashine mbili, moja inacheza kanda, ya pili inarekodi. Saa mbili asubuhi kikao, watu wamesimama, kwa sababu viti havikutosha. Mhariri anauliza leo kuna nini. Kuna mkuu wa wilaya anafungua kisima, kuna mpira, kuna jahazi limekwama mkondoni. Gari ni moja, kwa hiyo kisima na jahazi lazima viwe njia moja, la sivyo kimoja kinaachwa. Mara nyingi kilichoachwa ni jahazi. Mkuu wa wilaya haachwi.

Wakirudi saa nane au tisa, mwandishi anaandika habari, mpiga picha anamkabidhi mhariri wa picha kanda, na hapo ndipo ubishi unapoanza, maana mwandishi ameandika "umati mkubwa" na kwenye kanda kuna watu kumi na wanne. Kuhariri kwa mashine mbili ni kazi ya mstari. Ukishaweka picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ukagundua ya pili ina kosa, unarudi unaanza tangu ya pili. Hakuna kuchomoa na kuchomeka kama mnavyofanya kwenye kompyuta. Na kila unaponakili kanda, nakala inapungua ubora: rangi zinafifia, ukingo wa sura unalegea. Nakala ya nakala ya nakala inakuwa kama mtu anayeonekana nyuma ya pazia la mvua.

Saa mbili kasoro dakika chache usiku, kanda ya habari ilikuwa inakimbizwa. Neno hilo nalitumia kama lilivyo: kijana mmoja alikuwa kazi yake kukimbia nayo kutoka chumba cha kuhariria hadi chumba cha kurushia, na ukumbini hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusimama njia yake. Kutoka hapo picha zinakwenda kwa mawimbi hadi kilimani kwenye mtambo, na kutoka mtamboni zinakwenda kwa watu. Kilimani alilala fundi mmoja na jenereta yake. Umeme ukikatika alikuwa na sekunde chache kabla ya mji mzima kuona chenga. Namheshimu mtu yule hadi leo. Wageni rasmi waliokuja kututembelea walioneshwa studio, wakapiga picha na watangazaji, na hakuna hata mmoja aliyepelekwa kilimani.

Fedha zilitoka kwa wenye maduka, salamu za Idi na Krismasi, harusi, tangazo la mtu aliyepotelewa na cheti. Matangazo ya vifo tulikuwa hatutozi. Tuliufuata utaratibu wa redio za kwetu, ambako tangazo la kifo likisomwa nyumba nzima inanyamaza mpaka jina la mwisho la wanaotangaziwa.

Baadaye mambo yakageuka. Mnajua kuwa usiku wa tarehe 31 Disemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata, na huku Zanzibar ikaundwa kampuni ya kusambaza matangazo, ZMUX. Wengi mnakumbuka ving'amuzi tu. Kwa kituo kidogo, kulikuwa na badiliko kubwa zaidi ya king'amuzi. Zamani kituo kilikuwa na mtambo wake na mlingoti wake, kikirusha chaneli moja katika masafa yake. Katika dijitali, masafa yaleyale yanabeba chaneli nyingi kwa pamoja, na anayezibeba ni mwingine. Kituo kinapeleka picha zake kwake na kinamlipa kila mwezi. Picha zimekuwa safi, chenga zimekwisha, watoto hawapandi tena juu ya paa, na haya ni manufaa ya kweli. Lakini mlingoti wetu wa kilimani ulibaki umesimama bila kazi, na bili mpya ikaja mahala pa fundi na jenereta. Vituo vidogo vilivyokuwa vikiishi kwa salamu za Idi vilibanwa sana. Huku kwetu, mwaka 2013, TVZ na redio yetu ya Sauti ya Tanzania Zanzibar zikaunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, na kubeba dijitali kama nyumba moja.

Nimeyapita haya haraka, kwa sababu walimu wenu wanayajua kuliko mimi. Kanda ndiyo ninayoijua.

Kanda ya video ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa madini, unga huo umeshikwa na gundi, na picha imo ndani ya ule unga. Gundi inapenda unyevu. Katika hewa ya pwani inakunywa maji kidogo kidogo, miaka kumi, kumi na tano, mpaka inalegea na kunata. Ukiitia kanda hiyo kwenye mashine, unga unabanduka na kubaki kwenye vichwa vya mashine, na picha yako ndiyo ile uliyoifuta kwa pamba na spiriti. Kuna ukungu pia: unaota ukingoni mwa utepe, mweupe, kama unaoota kwenye mkate. Ndiyo maana chumba cha kanda kinatakiwa kiwe kikavu na cha baridi mchana na usiku. Kiyoyozi cha chumba cha kanda si anasa ya mtunza kanda.

Lakini kanda nyingi zilizopotea hazikuuliwa na unyevu. Ziliuliwa na sisi.

Kanda ilikuwa ghali, na kituo chetu kilikuwa na chache. Zikiisha, zinatumika upya. Hilo halikuwa letu peke yetu: BBC walifuta vipindi vingi vya miaka ya sitini, na NASA ya Marekani ilipozitafuta kanda za asili za watu wa kwanza kutua mwezini mwaka 1969, uchunguzi wao ulioishia 2009 ulionesha kuwa yaelekea zilifutwa ili zitumike tena. Ikiwa mwezi ulifutwa, mtashangaa nini kuhusu jahazi?

Mwaka 2000 ulikuwa wa uchaguzi. Tukaambiwa kanda zitahitajika nyingi, na za kununua hakuna. Orodha ikapita, kanda za zamani zilizoandikwa "mchanganyiko" zifutwe. Nani azifute? Mtunza kanda. Nilikaa siku tatu nikizifuta. Sikulazimishwa kwa bunduki. Ningeweza kwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia, hii iacheni, na hii. Nilikuwa na ajira, nilikuwa na mtoto mchanga, nikaona maagizo ni maagizo.

Kati ya hizo kulikuwa na moja ya mzee fundi wa majahazi. Mwandishi wetu alikaa naye asubuhi nzima, akamuelezea jinsi ya kuchagua mti kwa ajili ya taruma, zile mbavu za jahazi, kabla haujakatwa, kwa kuutizama ulivyopinda msituni. Habari iliyotoka hewani ilikuwa dakika mbili. Kanda nzima ilikuwa na dakika arubaini. Niliisikiliza kidogo kabla ya kuifuta, kwa hiyo siwezi kusema sikujua kilichomo.

Mwaka uliofuata wakaja watu wawili pale kituoni, kaka na dada, wamevaa nguo za msiba. Mlinzi akawaleta kwangu. Yule kaka akasema, "Dada, tumeambiwa mnaye mzee wetu. Hatuna picha yake hata moja isipokuwa ya kitambulisho. Tunataka tu tumsikie anaongea."

Niliwaambia wakae. Nikaenda rafuni, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuwaambia usoni mwao mara moja. Nikasimama pale kwenye rafu nikiitizama nambari ya kanda ile. Nambari ilikuwa ileile. Ndani yake mlikuwa na mkutano wa kampeni. Nikarudi nikawaambia ukweli, kwamba imefutwa, na aliyeifuta ni mimi. Yule dada hakunilaumu. Aliniuliza, "Ulimsikia? Alisema nini?" Nikawaeleza nilichokumbuka, habari ya mti uliopinda, na wao wakanisikiliza mimi, mtu baki, nikimsimulia baba yao. Walivyoondoka nilifunga mlango.

Tangu siku ile sikufuta tena kanda ya mtu anayezungumza. Nilianza kuandika "usifute" kwa kalamu nyekundu kwenye migongo ya kanda, bila ya kupewa ruhusa, na nyingine nilizihamisha kabisa. Nilizinunua kwa kutoa kanda mpya badala yake, kutoka mshahara wangu, moja badala ya moja, na mkubwa wangu wa zama hizo aliliona akaliridhia. Zilipofika kumi na mbili nikazileta Unguja, nikaziweka kwa mjomba wangu aliyekuwa na duka la kusafisha picha, kwa kuwa lile duka lilikuwa na kiyoyozi.

Wenye umri wa kukumbuka mnakumbuka Disemba 2009. Waya wa umeme unaopita chini ya bahari, uliotuunganisha na Bara tangu 1980, ulikuwa umeshatutupa mkono 2008 kwa muda wa mwezi hivi. Safari hii tulikaa gizani karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Nilikuja likizo nikamkuta mama Kikwajuni ameifunika televisheni kwa kitambaa cha kudarizi kama mtu anavyofunika chakula cha mgeni aliyechelewa. Habari alikuwa akizipata kwa redio ya betri. Mji ulikuwa unanguruma jenereta, maji yalikuwa tabu kwa sababu pampu hazina umeme, na mjomba wangu alikuwa akiwasha jenereta saa nne kwa siku ili biashara isife. Nani angemlaumu? Nami sikufikiria kanda, nilifikiria maji.

Nilipozifungua mwezi wa Machi, saba zilikuwa na ukungu. Miezi mitatu ya joto la kaskazi bila ya kiyoyozi ilitosha. Nilizisafisha kwa mkono, kipande kwa kipande, na kati ya zote kumi na mbili zimenusurika nne.

Wanangu, nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu nimewatizama mnavyofanya kazi, na nimeingiwa na hofu. Sisi tulikuwa tukifuta kanda baada ya miaka. Nyinyi mnafuta kadi ya kamera usiku uleule. Mnakwenda Makunduchi kwenye sherehe za Mwaka Kogwa, mnapiga saa tatu, mnatoa dakika moja na nusu ya mtandaoni, na kesho yake kadi imesafishwa kwa ajili ya mkutano wa waandishi wa habari. Kadi ni ndogo kuliko ukucha wa gumba, haina hata mgongo wa kuandika "usifute". Diski nayo ikifa haitoi dalili kama kanda, haioti ukungu ukauona. Asubuhi moja inakataa tu kuwaka.

Ombi langu kwenu ni dogo na linachosha. Kabla hamjalala, andikeni: nani, wapi, lini, nani alipiga. Majina ya watu kwanza. Habari ya mkuu wa wilaya itaandikwa na ofisi yake, lakini yule mama aliyekuwa nyuma yake na ndoo hataandikwa na mtu ila nyinyi. Wekeni nakala zaidi ya moja, na moja isiwe nyumba moja na nyingine, kwa sababu moto na mafuriko na waya wa bahari havichagui. Na mkuu wa chuo, kwako nina ombi langu pekee la leo: chuo hiki kitenge chumba kimoja kikavu, na mwalimu mmoja wa kukitunza, kanda za majumbani za watu ziletwe, zinakiliwe na kurudishiwa wenyewe. Najua ziko. Ziko chini ya vitanda Mkunazini, Chake Chake, Wete, ndani ya mikoba ya harusi.

Sasa kazi ya wazee wangu wa mbele.

Hii hapa ni moja kati ya zile nne. Ilipigwa Paje na Jambiani mwaka 1997, wapiga picha wetu walivuka kwa boti wakakaa siku moja. Ni habari ya kilimo cha mwani, ambacho wakati ule kilikuwa kina miaka minane tu tangu kianze kama biashara kwenye fukwe hizo. Mtaona wanawake wanashuka pwani maji yametoka, wana vigingi na kamba. Mtaona pia mwani mnene ule wa cottonii, ambao siku hizi katika maji yale ya kina kifupi hauoti tena kama zamani kwa sababu ya joto la maji. Anayeusoma mwani chuo kikuu angefurahi kuiona kanda hii. Mimi ninachokitaka ndani yake ni kingine.

Dakika kumi na moja ndizo zinazoonekana. Mwanzo kuna mistari na sauti inakwaruza, vumilieni. Mgongoni niliandika mwenyewe "Mwani, Paje, mchanganyiko, usifute", na sikuandika hata jina moja la mtu. Nimeitizama mara nyingi, nimehesabu nyuso thelathini na moja, na ninazozijua ni mbili.

Fundi ataisimamisha picha kila mtakapoinua mkono. Bibi, shangazi, wewe mzee wangu mwenye kanzu: mkimuona mtu mnayemjua, tajeni jina lake na la baba yake, kwa sauti. Yule kijana pale ukutani ana daftari.

Zimeni taa.